Neno la Kwanza la Jaji

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Mdogo wangu mpenzi, salamu nyingi. Hujambo? Mgongo umetulia? Watoto wazima? Shemeji bado anakoroma? Sisi huku tu wazima, tunamshukuru Mungu, isipokuwa gauni langu la ibada limenibana na sijui nani kalipunguza. Uliniomba nikuandikie habari za kazi yangu kila jioni, kidogo kidogo, kisha nikutumie zote kwa mkupuo. Basi ndizo hizi. Usimsomee mama. Mama hana siri.

Kwanza ujue tunafanya nini, maana najua unadhani naosha vyombo hospitalini. Hiki ni kituo cha watoto wadogo ambao usemi wao umechelewa. Wengine wana miaka mitatu na hawajatamka neno. Wengine wanasema, lakini wanaeleweka na mama zao tu. Mkubwa wetu ni Mtaalamu wa usemi, binti mwenye miwani, rika la kifungua mimba wangu. Amesomea kazi hii mpaka macho yakaharibika. Nilikuwa namwita daktari, akanikataza. Namwita Mtaalamu. Mimi ni msaidizi wake.

Nilikaa mapokezi muda mrefu, nikipokea kadi na kufuta kamasi. Mwaka huu ndio akaniingiza chumba cha mazoezi. Sijawahi kupenda kazi namna hii! Unakaa kwenye mkeka. Unapuliza mapovu ya sabuni. Unabingiria mpira. Na mshahara unaingia!

Wasaidizi tuko wawili. Mwenzangu anaitwa Mama Chura, kwa sababu ana kikaragosi cha chura anachokivaa mkononi, cha kijani, mdomo mpana. Watoto wakimwona huyo chura wanasahau hata mama zao. Mimi wananiita Shangazi. Chura sina.

Sasa habari yenyewe. Leo Mtaalamu katuita. Kasema chumba ni kidogo, watoto wanatishika na watu wazima wengi. Atabakiza msaidizi mmoja ndani. Mwingine atarudi mapokezi. Ataamua wiki ijayo, baada ya kutuangalia. Mama Chura akatabasamu. Chura naye akatabasamu, ingawa huyo kashonwa hivyo.

Mimi mapokezi sirudi! Kule kuna dirisha dogo na kiti kinachochana sketi.

Jioni nimesali, nimefikiri, nimepata njia. Kuna mtoto mmoja tunamwita Jaji. Msichana wa miaka mitatu na nusu. Anaingia, anakaa, anakunja mikono kifuani, anatutazama mmoja mmoja. Hukumu hatoi. Masikio yake yamepimwa, mazima. Anaelewa kila unachomwambia. Ila hajasema neno tangu azaliwe. Analetwa na bibi yake, na wiki hizi mbili amepangiwa kuja kila asubuhi.

Njia ni hii: Jaji atasema neno lake la kwanza, na ataniambia mimi. Mtaalamu atalia machozi. Mama Chura atabeba chura wake aende dirishani. Kwisha!

Jumanne, tarehe 4 Juni

Haikuwa kwisha.

Kazi yetu ina kanuni moja kubwa, nikueleze upate picha. Unamwuliza mtoto kitu mara moja. Kisha unafunga mdomo. Unamtazama usoni kama mtu anayengoja habari njema, unahesabu moyoni mpaka kumi. Usimjibie. Usimdokezee. Mtaalamu anasema mtoto akijibiwa kila kitu, ataona maneno ni kazi ya watu wengine.

Mimi nakubaliana naye kabisa. Tatizo ni kutenda.

Leo zoezi lilikuwa la kopo. Kopo la plastiki linaloonyesha ndani, mfuniko mgumu ambao mtoto hawezi kuufungua peke yake. Ndani kuna kigari chekundu. Mtoto anakitaka kigari, analileta kopo, wewe unangoja aombe. Kwa neno, kwa sauti, kwa lolote. Mtaalamu kanipa mimi nianze. Moyoni nikasema, asante Bwana.

Jaji kaliona gari. Kalileta kopo. Kaliweka mapajani mwangu. Kanitazama. Nikanyamaza. Nikahesabu moja. Mbili. Mdogo wangu, yale macho! Makubwa, meusi, yamejaa shida! Nikasikia mtu anasema, "Nikufungulie? Ee? Unataka gari? Haya, Shangazi akufungulie mwanangu!" Kumbe ni mimi. Na kopo limeshafunguka.

Jaji kachukua gari, kaenda zake pembeni. Mtaalamu kavua miwani, kaifuta, kaivaa tena.

Zamu ya Mama Chura. Kauliza, kanyamaza. Bibi ya Jaji ndiye aliyeshindwa. Akadakia kwamba mjukuu wake anapenda magari, kwamba alizaliwa na kilo tatu na nusu, kwamba ukoo wao wote wamechelewa kusema lakini wakianza hawanyamazi. Hilo la mwisho nililiamini. Mtaalamu akamwomba kwa adabu, bibi, tumwachie mtoto. Bibi akasema sawa, na akaeleza kwa nini ni sawa.

Yule mama anaongea! Sijui watu wa namna ile hawajioni?

Jumatano, tarehe 5 Juni

Nimeamua kushughulikia chura.

Si wizi. Nilimweka tu kwenye kapu la nguo chafu, chini ya mito na vitambaa vya watoto, nikijua leo kapu haliguswi. Nia yangu ilikuwa apotee mchana mmoja. Mtaalamu aone Mama Chura bila chura ni nani. Kesho ningemwokota mimi mwenyewe na kupewa shukrani.

Kapu liliguswa. Mfuaji ana harusi ya mdogo wake kesho, akafua leo. Na yeye vitu vya watoto anavichemsha. Saa nne nikamwona chura kwenye kamba, nje ya dirisha. Rangi imemtoka, jicho moja halipo, amekuwa saizi ya kidole gumba.

Mama Chura alimshika akamtazama. Nikangoja apige kelele. Hakupiga. Kavua kiatu, kavua soksi, kaivaa mkononi, kaingia chumbani, kawaambia watoto huyu ni binamu yake chura, ametoka safari na ana njaa. Soksi tupu! Ina tundu kwenye kidole! Watoto wakaangua vicheko. Hata Jaji alifungua mikono yake kifuani bila kuwa na kitu cha kuchukua, jambo ambalo halijatokea tangu aanze kuja.

Mtaalamu akasema huo ndio ubunifu. Akasema tazameni, si kikaragosi, ni mtu.

Hakuna aliyeuliza nani alimweka chura kwenye kapu. Na mimi nikanyamaza. Nilinyamaza asubuhi nzima, bila taabu yoyote. Kwa hiyo msiniambie siwezi.

Nimetubu usiku. Kidogo tu, kwa sababu soksi imemsaidia kuliko chura, kwa hiyo ukitazama vizuri nimemfanyia hisani.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Biskuti!

Nilishangaa kwa nini sikuwaza mapema. Mtoto gani hasemi mbele ya biskuti? Nikanunua pakiti, zile zenye krimu katikati. Nikawahi kabla ya wote. Jaji na bibi yake wakafika, nikawaketisha kwenye benchi la ukumbini, nikamwambia bibi tunamwandalia Mtaalamu jambo la kumfurahisha. Akafurahi sana. Akaniita mwanangu.

Neno nililochagua ni "Shangazi". Najua Mtaalamu angechagua neno fupi. Lakini neno fupi mtu anaweza kulisema kwa yeyote. "Shangazi" halina mjadala.

Nikainua biskuti. Nikasema polepole, sema Shangazi. Jaji kakunja mikono. Nikasema mara ya pili, nikivuta midomo atazame. Bibi kwa sauti nyembamba kama ya mtoto akasema "Sangaji!" na akanyoosha mkono. Nikampa, ningefanyaje, mtu mzima. Mara Jaji kafungua mdomo! Wazi kabisa! Nikasema moyoni, Bwana, ndilo hilo linakuja! Nikangoja. Hakuna kilichotoka. Alikuwa anaonyesha pa kuiweka biskuti.

Nikaiweka.

Tukaendelea hivyo mpaka pakiti ikaisha. Nusu kala bibi.

Ndani ya chumba, Mtaalamu kamwonyesha Jaji picha ya mpira. Jaji kafungua mdomo, katulia hivyo. Picha ya paka. Mdomo wazi. Kioo. Mdomo wazi, kama kinda la ndege. Mtaalamu kashtuka. Akasema hii ni dalili mpya. Akaniomba tochi, akamchungulia kooni, akauliza hii krimu imetoka wapi.

Nikatazama dari. Bibi akasimulia yote. Yote, mdogo wangu! Na lile la "Sangaji" akaliigiza. Mama Chura alilazimika kutoka nje. Nilimsikia akicheka kwenye ngazi, akicheka na kupiga kofi ukuta.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Mtaalamu kanifungia mlango. Mimi na yeye tu.

Kasema kwa heshima, lazima nimsifu, binti ana malezi. Kasema, "Shangazi, watoto wanakupenda, na mimi nakupenda. Wakilia wanakukimbilia wewe. Lakini huwaachii..."

Nikamwambia nafasi, ndiyo, najua, sitarudia.

Akanitazama. Akasema, "Naona."

Akaniomba kitu kimoja tu wiki ijayo: nimuulize mtoto, kisha ninyamaze kweli. Asiponiona nimeweza hata mara moja, uamuzi utakuwa mwepesi. Mwepesi! Maana yake dirisha. Maana yake kumwona Jaji akipita mbele yangu kuingia chumbani, na mimi nimebaki na kadi yake mkononi.

Nikaapa kuhesabu mpaka kumi. Lakini nimegundua kumi yangu ni ya haraka, ya wenzangu inajivuta. Nikaona bora nisali badala ya kuhesabu. Sala nzima, moyoni, polepole, na mtoto atapata nafasi na mimi nitapata thawabu.

Zoezi lilikuwa la mapovu. Unapuliza mara moja, unafunga chupa, unangoja mtoto atake mengine. Nikapuliza. Jaji kayapasua yote kwa kidole, moja moja, kama anayafunga jela. Nikafunga chupa. Nikaanza sala. Kimya! Mtaalamu kaegemea mbele. Jaji kanitazama midomo. Midomo yake ikatikisika kidogo, nakuapia, ikatikisika! Na mimi ndiyo nafika mwisho, roho imepanda juu, nikasema kwa sauti, "Amina!"

Bibi akaitikia, "Amina!" Akasimama. Akaombea kituo, akamwombea Mtaalamu apate mume mwema, akawaombea viongozi. Tukafumba macho wote, kwa sababu huwezi kumkatiza mtu akiwa katika sala. Tulipofumbua, muda wa Jaji ulikuwa umekwisha, na Jaji mwenyewe amelala.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Ibada ilikuwa nzuri. Mhubiri alisema juu ya kuutawala ulimi. Nikamgusa jirani yangu kumwambia jinsi mahubiri haya yanavyomfaa bibi ya Jaji, nikamweleza kisa chote, tukakosa sehemu ya katikati.

Nyumbani nikamsimulia baba watoto. Nikamwuliza kwa uchungu, hivi kweli mimi siwaachii watu nafasi ya kusema? Akaweka kikombe chini. Akasema, "Mke wangu, tangu nikuoe..."

Nikamwambia najua, tangu tuoane hujawahi kulalamika, ndiyo maana nashangaa huyu binti.

Akanywa chai. Baadaye akasema, kama anaongea na kikombe, kwamba fundi mmoja aliyefanya naye kazi zamani alikuwa na mdomo, na mkubwa wao alikuwa anamjazisha maji mdomoni mpaka kazi iishe. Akacheka peke yake.

Mimi sikucheka. Mimi niliinuka nikatafuta chupa.

Maji! Maji safi, mdomo mzima, nakaa mbele ya mtoto, hata nikitaka siwezi! Huyu mume Mungu kanipa kwa makusudi. Nimejaribu jikoni wakati yeye anasoma gazeti. Nimekaa muda mrefu sana. Aliniuliza mara mbili kama naumwa jino. Alipoona sijibu, akaanza kusimulia. Kasimulia habari za utoto wake nisizowahi kuzisikia, kwamba aliwahi kukimbiwa na mbuzi sita siku moja, kwamba alikuwa anataka kuwa mpiga tarumbeta. Mpiga tarumbeta! Nilitamani kumwuliza maswali, nikakumbuka maji.

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Leo nitaandika kwa utaratibu.

Zoezi la leo lilikuwa bata wa kutia ufunguo. Unauzungusha ufunguo, bata anatembea anatikisa mkia, anasimama. Mtoto hawezi kuuzungusha mwenyewe, umekaza. Kwa hiyo lazima aombe. Mtaalamu kanipa ishara nianze. Kanipa macho pia, yale ya Ijumaa.

Nikageuka ukutani, nikanywa funda kubwa, nikalishika. Nikakaa mkekani. Nikatia ufunguo. Bata akatembea. Akasimama.

Kimya.

Jaji kamtazama bata. Kanitazama mimi. Mimi siwezi kitu. Mashavu yamenijaa kama nimeumwa na nyuki. Bibi akafungua mdomo, Mama Chura akamwekea ile soksi begani, taratibu, naye akaufunga. Saa ya ukutani ikawa inasikika. Macho yangu yakaanza kutoa machozi. Ulimi uliniwasha, mdogo wangu, ulimi uliogelea mle ndani ukitafuta mlango! Lakini nikajikaza kisabuni.

Jaji kainuka. Kaja mpaka mbele yangu, pua kwa pua. Kachunguza shavu la kulia. Kachunguza la kushoto. Kisha kainua kidole kile cha kupasulia mapovu, kakibonyeza shavuni.

Maji yakaruka. Yakampiga Mtaalamu kwenye miwani, yakalowesha makaratasi yake, mengine yakamfikia bata.

Nikajua basi, dirisha limefunguliwa. Na ndipo Jaji alipocheka. Sikuwahi kumsikia akicheka. Kicheko kizito, cha mtu mzima, kutoka tumboni. Akanitazama machoni, akasema:

"Tena."

Safi. Wazi. Kama mtu aliyekuwa nalo siku zote mfukoni.

Bibi akaanguka kwenye kiti, akalia bila neno hata moja. Mtaalamu hakufuta miwani. Akaninong'oneza, kunywa, Shangazi, kunywa sasa hivi, mpe!

Na mimi je, nilikunywa? Ningewezaje kunywa na mdomo umefunguka! Nikamkumbatia. Nikamwambia umesema! Jaji amesema! Umesema nini? Sema tena! Mwambie bibi! Mwambie Mtaalamu! Nani kakufundisha? Ni Shangazi? Sema Shangazi! Jaji kanitazama. Uso ukarudi kuwa wa mahakamani. Kakunja mikono.

Nilikuwa bado naongea Mama Chura alipochukua chupa yangu, akajaza mdomo, akakaa chini, akamwelekezea Jaji shavu. Akangoja. Jaji kamkaribia. Kabonyeza. Maji yakanirukia mimi.

"Tena," akasema Jaji. Kwake!

Wakarudia mpaka chupa ikaisha.

Jumanne, tarehe 11 Juni

Nimemwambia Mama Chura ukweli wake, jikoni, wakati tunasubiri maji ya chai. Nimemwambia lile neno ni langu, shavu lilikuwa langu, na maji yalikuwa yangu. Akasema sawa, dada. Nikamwambia asijidai. Akasema hajidai. Nikamwambia hata chupa ilikuwa yangu. Akasema ataniletea nyingine. Huwezi kugombana na mtu wa namna hiyo, anakumaliza nguvu.

Halafu akaniambia kwamba usiku uliopita hakulala kwa furaha, alipokumbuka uso wa bibi. Akasema, "Tumefanya kazi, dada."

Tumefanya! Nilitaka kusahihisha. Lakini aliponiwekea sukari kwenye kikombe nikamwona macho yamemlengalenga. Nikaacha.

Jaji leo kasema "Tena" kwa bata, kwa mapovu na kwa mlango uliofungwa kwa kishindo. Bibi anazidi kunyamaza, anamtazama tu. Jamani, hata yeye!

Alhamisi, tarehe 13 Juni

Mtaalamu ameamua.

Mama Chura anabaki ndani. Mimi narudi mapokezi.

Nitakuandikia alivyosema, bila kuongeza. Kasema neno la Jaji lilikuwa jibu la ukimya wangu. Kasema kwa mara ya kwanza katika maisha yake yule mtoto alikutana na mtu mzima aliyemtazama na hakusema kitu, akaona kuna pengo, akalijaza. Hakuna atakayeniondolea hilo. Lakini nililifunga pengo palepale. Kasema maji hayawezi kukaa mdomoni mwangu saa zote, na Mama Chura hahitaji maji.

Nilifungua mdomo kujibu. Akasubiri. Alisubiri kweli, yule binti, akinitazama kama mtu anayengoja habari njema. Na mimi, mdogo wangu, sikuwa na neno.

Kisha akasema kila Jumatatu, saa ya Jaji, nitaingia ndani pamoja nao. Na chupa yangu.

Nililia kidogo chooni. Nikanawa uso. Nikaenda kuhamisha kiti kile kinachochana sketi, nikakifunga kitambaa.

Baba watoto jioni alinishika bega. Alianza kusema jambo. Nikamwambia usijali, nimezoea.

Jumamosi, tarehe 15 Juni

Nimelala, nimesali, nimeona mambo yalivyo. Mtaalamu amenipandisha cheo bila kujua. Fikiria: hakuna mtoto anayeingia ndani bila kupita dirishani kwangu!

Jana Jaji alifika. Bibi akabaki nyuma, kimya. Jaji akasimama kwenye vidole, akanitazama kupitia dirisha. Akavimbisha mashavu yake mwenyewe. Akatulia hivyo. Midomo ikaanza kufunguka, na nikaona kabisa kuna kitu kipya kinakuja, si "Tena", kitu kingine. Nikamsaidia! Nikamwambia, "Maji? Unataka maji? Unamtaka Shangazi? Unataka kuingia? Haya, ingia mwanangu!"

Akafunga mdomo, akaingia. Baadaye Mama Chura akaniambia kwamba mara tu alipokaa mkekani alisema neno la pili, bila kuulizwa. Alimwonyesha Mtaalamu kidole kuelekea mapokezi, akasema, "Shanga." Mtaalamu karuka juu. Na mimi sikuwepo! Unaona nilivyodhulumiwa? Neno langu, limesemwa chumba kingine! Kama dirisha lingekuwa kubwa angelisema palepale. Kosa ni la dirisha.

Kwa hiyo nimeshaagiza kikaragosi. Mamba. Mkubwa, meno ya kitambaa, mkia unafika kiwikoni. Kuanzia wiki ijayo mamba atakaa dirishani. Watoto watamwona, watagoma kuingia ndani, watajaa mapokezi, na Mtaalamu atalazimika kuhamishia mazoezi yote kwangu. Mama Chura na soksi yake watabaki wanaangaliana. Nimelifikiria kila upande, halina kasoro. Usimwambie mama.

Basi, mdogo wangu, nimalizie hapa, karatasi inaisha. Nataka sana kusikia unasemaje juu ya haya yote. Najua una kazi nyingi na mgongo, kwa hiyo nimekurahisishia: kwenye karatasi ya pili nimekuandikia majibu yako. Umesema hujambo, umenihurumia, umeona haki iko upande wangu, na jambo la mamba umelisifu. Shemeji naye nimemwandikia mistari miwili. Wewe weka jina lako chini na uipeleke posta.

Tafadhali nijibu upesi.

Dada yako